Ukurasa wa Arobaini na Moja

Walituletea rasimu mwezi Februari, Saskatoon,
kurasa mia moja na kumi na mbili, bado zina joto la mashine,
pamoja na sahani ya biskuti
ambazo nusu yetu hatuonji tena ladha yake.
Daktari Lindqvist alisema: karibuni, semeni lolote,
kwa sauti ya mtu anayeomba tusiseme mengi.

Mimi niliendesha basi la shule miaka ishirini na saba.
Nikafungua ukurasa wa arobaini na moja:
*Mshiriki atafika kliniki kila siku ya tatu, kwa wiki nane.*
Nikauliza, mshiriki huyu anaishi wapi?
Wakatazamana.
Verna hapa anatoka La Ronge, nikasema,
kilomita mia tatu na themanini za barafu,
na kulungu husimama katikati ya njia kama askari wa forodha.
Damu ni damu. Ichoteni kule kule.

Olesia Hrynchuk alinyamaza hadi chai ya pili.
Ualimu alistaafu; kalamu nyekundu hakuirudisha.
Alizungushia maneno manne:
*walioshindwa na tiba ya kwanza.*
Mimi sikushindwa, alisema, taratibu,
kama anayemsahihishia mtoto hesabu.
Nilimeza kila kidonge kwa saa yake.
Nilitapika kwa ratiba.
Dawa ndiyo iliyoshindwa. Andikeni hivyo.

Mtakwimu, kijana mwenye tai ya mabata, alikohoa:
kipimo chetu cha ganzi kina madaraja manne,
kimethibitishwa.
Ndipo Verna Okemow akaweka mezani
kiatu kimoja cha mjukuu, ngozi laini,
ua la shanga lisilokwisha:
petali tatu, na ya nne uzi mtupu.
Hili, aliuliza, ni daraja la ngapi?

Zamani nilitunga gizani, umeme ukikatika.
Sasa sindano inanipotea vidoleni
nami naisaka sakafuni kwa sumaku.
Niulizeni hilo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Sisi tumekilalia.
Kunguni tunawajua kwa majina.

Hatukupata yote. Biopsi ya pili ilibaki,
kipande kingine cha ini, cha kuwekwa kwenye friji
kwa maswali ambayo hayajazaliwa.
Tulipiga kura, tukagawanyika.
Kesho nayo ina wagonjwa wake, Olesia alisema.
Mimi nilikataa. Hata sasa nakataa.

Jaribio lilifunguliwa baada ya miezi kumi na tisa.
Kati yetu hakuna aliyestahili:
mimi figo, Olesia umri.
Verna hakuingoja barua.

Leo nimempeleka jirani yangu, Gord Pashko, kutia saini.
Tumewahi. Ndani ya gari anapitia dodoso
kidole kikifuata mistari.
Swali la tisa:
*Wiki hii umeweza kufunga kifungo, kushika sindano,
kutunga shanga?*
Anacheka. Shanga! Nani kawaza habari za shanga?

Naongeza joto la gari.
Tuna dakika ishirini kabla ya kuitwa.
Naanza na kile kiatu.