Mkato

Mkataba wangu unakwisha Ijumaa,
na Bwana Wandera, meneja, siku hizi hanitazami usoni.
Wiki nzima nafuta kuliko ninavyoandika:
sabuni, povu, weupe...
Nani atalipia maneno haya?

Leo Mbale, njia ya sokoni,
nimekuta sentensi yangu kwenye ukuta wa duka,
rangi imebabuka kwa mvua,
jina langu halipo, halikuwahi kuwapo:
FUA LEO KESHO PUMZIKA.

Mkato umedondoka.

Sikuweza kupita.
Nikaingia kuazima brashi.
"We nani?" akauliza Nambozo, mwenye duka,
mkono mmoja ndani ya gunia la maharage.

Tangu Machi sijajibu swali hilo.
Sikutafuna maneno:
"Aliyeandika hayo ni mimi."

Akanitazama. Akanipa brashi.
"Rangi," akasema, "utalipa."