Kitambaa Kisicho na Pindo

Miaka thelathini na mmoja nilifuma Liberec,
kiwanda cha sufu kando ya mto Nisa,
mpaka kikafungwa, mashine zikauzwa kwa uzito wa chuma.
Kwa hiyo daktari aliposema "kitambaa"
niliomba nikishike.

Alicheka kwa macho; mdomo ulikuwa ndani ya barakoa.
"Hiki hakishikwi, mama."
Akakiinua kwa koleo mbele ya taa:
ukungu uliokatwa mraba,
pumzi ya ng'ombe asubuhi ya Januari.

Nikatafuta mtande. Nikatafuta mshindio.
Nikatafuta pindo, maana kisicho na pindo
kwetu hakikutoka mlangoni.
Hakuna. Nyuzi zimelala ovyo,
kila mmoja na njia yake,
kama nywele kwenye tundu la bafu.
"Nani kaufuma?"
"Hakuna. Umerushwa kwa umeme, ukatua.
Uzi wa shati lako ni gogo mbele ya huu."
Nikanyamaza.
Mume wangu hana mgongo,
nami nabishania ufumaji.

Bohumil ni mtu wa tanuri. Kioo kwake asali:
hukichovya, hukizungusha, hukipuliza tumbo
mpaka kiwe chombo cha maua
kwenye harusi ya watu asiowajua.
Februari, saa tisa usiku, chungu kikapasuka.
Waliniambia kwa asilimia, hamsini na nane,
kana kwamba mtu ni mkopo wa benki.
Sikujua kwamba moto ukishazimwa
huendelea kula, chini kwa chini, siku tatu,
na madaktari wanaufuata kwa kisu.

Ngozi nzima iliyobaki haikutosha kuazima:
paja moja, kisogo, nyayo.
Ngozi ivute ingali maji, watu husema.
Ya kuvuta iko wapi?

Ndipo zikaja seli.
Seli shina: nililiandika nyuma ya tiketi ya basi.
Zimetoka kwenye kitovu cha mtoto
aliyezaliwa mwaka jana, jengo la ng'ambo ya ua,
mama yake akatia saini kabla uchungu haujakolea.
Jina halisemwi. Ni sheria.
Najua tu kamba ilikatwa,
na kilichokuwa kitupwe
kikalishwa, kikatunzwa, kikazaana.

"Hazigeuki ngozi," Daktari Hrubešová alinionya,
asije akaniuzia muujiza.
"Zinaiita ya kwake. Zinatuliza kidonda,
zinaziambia kingo: sogeeni."
Zikamwagwa juu ya ukungu.
Ukungu ukalazwa mgongoni.

Siku ya sita kiraka cha bega kilinuka.
Wakakibandua, wakaanza upya.
Siku ya sita huwa haisimuliwi.

Siku ya ishirini na mbili wakafunua.
"Kitambaa mmekitoa lini?"
"Hatukukitoa. Kimeyeyuka. Ndiyo kazi yake."

Mimi nilifuma blanketi za jeshi, makoti ya watu wa reli,
vitu vya kumzika mwenyewe vikarithiwa na mwanawe.
Sikuwahi kufuma kitu
kilichojua wakati wa kuondoka.

Mgongo mpya ni wa waridi. Hautoi jasho.
Kovu la mti wa cheri, la utotoni, limekwenda;
nimelikumbuka kuliko nilivyotegemea.
Bega la kushoto limejikunja, litabaki hivyo.
Lakini Jumanne alisimama dede,
mikono kwenye fremu ya kitanda,
magoti yakitetemeka,
na nikawaza: mahali fulani nchi hii
kuna mtoto naye ameshika kiti,
naye anasimama dede.

Sasa yuko nyumbani. Usiku anawashwa.
"Mtu hujikuna ajipatapo," asema gizani,
"nami sijipati."
Kukuna nimekatazwa.
Naweka kiganja, nakaza, nahesabu mpaka mia.
Vidole vyangu, kwa mazoea,
bado vinatafuta pindo.