Ngumi ya Rangi ya Ufizi

Alitoka kwenye robota la midoli, mitumba ya Isevya,
katikati ya dubu wasio na macho.
Nyanzala alimshika mguu kama kuku wa kuchinjwa:
"Elfu mbili. Mkono hana, lakini urefu anao."

Urefu anao kweli: ananifika gotini na ziada,
shujaa wa Kijapani, plastiki laini, mtupu tumboni kama mtungi,
pembe mbili za manjano, kifua chekundu,
vigurudumu vitatu chini ya kila unyayo,
maana shujaa wa zamani hatembei, anaserereka.
Mgongoni herufi nisizozisoma na tarakimu ninazozisoma:
mwaka baba alipoajiriwa reli.

Ngumi ya kushoto haipo.
Kiwiko kinaishia kwenye tundu, na ndani ya tundu
springi yenye kutu imejikunyata
kama mtu aliyeambiwa subiri hapo hapo
halafu wakasahau kumwita.

Kazi yangu ni meno ya bandia. Pengo nalijua.
Aliyekosa jino la mbele hucheka nyuma ya kiganja,
na ulimi wake hauachi kwenda pale, usiku kucha,
kama mwenye nyumba anayekagua mlango uliovunjwa.

Ninao kumi na wanne sasa, juu ya kabati la vyombo.
Milembe, mke wangu, huwahesabu akifuta vumbi
na hunitajia jumla bila kuulizwa.
Mmoja nilimpa pembe ya kifuniko cha dawa ya kikohozi.
Wengine wanafuga kanga.

Huyu nilitaka nimtendee haki.
Nikanunua nta kwa Shija, mrina asali wa Sikonge,
nta nyeusi, yenye moshi, na mguu wa nyuki bado ndani.
Nikachonga. Ngumi ya kulia ilikuwepo ya kutazamia,
lakini ya kulia haigeuki ya kushoto hata uibembeleze,
kwa hiyo niliisimamisha mbele ya kioo cha kunyolea
nikachonga ile iliyomo kiooni,
ile ambayo hakuna aliyewahi kuishika.

Kisha jasi. Kisha maji ya moto, nta ikatoka ikichuruzika,
ikaacha pango lenye vidole vinne na gumba.
Nikamimina nilichonacho. Na nilichonacho ni cha ufizi.
Ikatoka waridi,
waridi la mdomo wa mtoto anayelia.

Ningeweza kuipaka. Kopo la rangi nyekundu lilikuwepo.
Nikalifungua, nikalikoroga, nikalifunga.

Baba alipoteza vidole viwili akiunganisha mabehewa,
usiku wa mvua, hapa hapa stesheni.
Walimshonea walichoweza.
Ngozi ya pale ilibaki waridi mpaka tunamzika,
na ndiyo tuliyogombania kuishika tukivuka barabara.
Sikuyawaza haya nikimimina. Nayawaza sasa, naandika.

Springi nikaichomoa, nikaipa tone la mafuta ya cherehani.
Mkono nikauzamisha kwenye sufuria inayofuka mvuke:
plastiki ya zamani ikipata joto hukumbuka ilivyokuwa.
Mikunjo ya robota ikafunguka yenyewe,
kiwiko kikanyooka bila kuvutwa.
Nikarudisha springi. Nikasukuma ngumi.
Ikashika. Tak.

Mzee Kasanda alikuwa ameingia kufuata meno yake ya chini.
Akabonyeza kitufe cha bega kabla sijamkataza.
Ngumi ikaruka, ikapita juu ya jiko la mchina,
ikatumbukia kwenye bilauri, juu ya meno yenyewe.
Akainama, akachungulia majini:
vitu viwili, rangi moja.

"Sasa fundi," akasema, mdomo mtupu,
"changu kipi?"