Deni la Sindano Tatu

Chungwa halilalamiki.
Hilo ndilo lililonidanganya.
Muhula mzima tuliyachoma machungwa ya soko kuu,
Mwalimu Kasubi akipita nyuma yetu na kalamu yake nyekundu,
akiyasifu yalivyotulia,
na jioni tukayala, na maji tuliyoyadunga ndani,
kwa kuwa maharage ya bweni yalikuwa na safari ndefu
na unga wa Kalunde ulikuwa na kufuli.

Tulimwogesha mwanasesere mmoja, watu arobaini na wawili,
akawa ndiye mgonjwa msafi kuliko wote Tabora nzima.
Siku alipokatika mguu
hakuna aliyejua pa kumpeleka.

Wiki ya figo, tuliumwa figo bweni zima.
Wiki ya moyo, Mihambo aliandika wosia,
redio kwa mdogo wake, madeni kwa baba yake.
Wiki ya uzazi akapata nafuu ghafla.

Naye baba mdogo akapiga simu kutoka Urambo:
"Daktari, mbuzi wangu hali."
Nikamwambia baba, mimi ni mwaka wa kwanza,
tena uuguzi,
tena wa watu.
Akanyamaza, salio likiliwa.
"Sawa. Kwenye mbuzi mtafika lini?"

Kisha wakatupeleka wodini.

Gauni nililipiga wanga wa muhogo
likasimama lenyewe kabla sijaliingia;
saa sita mchana, kwa joto la Oktoba,
nilikuwa nimevaa uji.
Mihambo akiingia, wagonjwa wanajiweka sawa: "Daktari!"
Mimi wananiambia: "We binti, hebu sogeza hilo beseni."
Na tulikuwa tumefeli mtihani uleule.

Saa yangu ya kifuani nilikuwa nimeazima,
mshale wake wa sekunde husita pale kwenye tisa
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.
Mapigo yote niliyoandika yakawa ya mbio.
Sista Generoza akafunua mafaili, moja, moja, moja.
"Kitanda cha kwanza hadi cha kumi na mbili wanakimbia?
Wanamkimbia nani?
Wewe?"

Kitanda cha saba alilala Mama Nyanzobe,
muuza asali wa Ng'ambo,
mkono mnene, mishipa imejichimbia chini huko
kama panya wa msimu wa njaa.
Nikamwamkia kwa Kinyamwezi, mwangaluka,
ili vidole vyangu vipate muda wa kuacha kutetemeka.
Havikuacha.

Ya kwanza ilitoka patupu.
"Hiyo ya Mungu," akasema.
Ya pili nikatoboa mshipa, ukavimba.
"Hiyo ya shule."
Nikafunga mpira upya, nikapapasa, nikaomba,
nikachoma, na damu ikachungulia kwenye kanula,
nyekundu, ndogo, mgeni mwenye aibu mlangoni.
Nusura nipige vigelegele.
"Hiyo ya tatu," akasema Mama Nyanzobe, macho amefumba,
"hiyo nakuandikia deni. Ndoo tatu za maji.
Nyumbani kwangu. Jumamosi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Akaruhusiwa Jumanne. Getini aliuliza jina langu,
akalirudia mara mbili, kama bei.

Jumamosi nilikwenda.
Bomba liko mbali kuliko nilivyodhani, na foleni ni foleni.
Ndoo ya kwanza ililowesha viatu.
Ya pili, majirani wakauliza huyu nani,
akajibu, "Ndiye aliyenichoma,"
kwa sauti ya mtu anayeonyesha baiskeli mpya.
Ya tatu niliitua bila kumwaga tone,
akainama, akatazama ndani,
akatikisa kichwa polepole, kama Mwalimu Kasubi.

Kisha akanikalisha kwenye kigoda,
akanipa chungwa.

Nililimenya taratibu sana,
kama lina mtu ndani.