Karibu na Amana

Chumba changu kipo Ilala, juu ya duka la dawa la Mwinchande.
Mtu akiuliza njia huambiwa: karibu na Amana.
Wao wanasema hospitali.
Mimi kila nikipanda ngazi nasikia neno lenyewe.

Jina lake halimo humu. Tumwite Fundi.
Alikuja Jumanne, saa kumi na nusu,
buti za kupandia nguzo bado miguuni,
akasoma ukuta: cheti changu, kalenda ya benki, ufa.
"Ufa huo utakuja kukuangukia."
"Nauona," nikasema.
Saa nzima ikaishia kwenye bei ya Luku
na matusi anayotupiwa na mtaa mzima umeme ukikatika,
kana kwamba giza analiweka mfukoni.

Wiki ya pili alikivuta kiti
mpaka pale anapouona mlango.
Sikuuliza.
Wiki ya tatu nilikiweka pale kabla hajafika.
Alikitazama, akanitazama, akavua kofia.

Chuoni walinifundisha kuuliza.
Kunyamaza bila kununa nimejifunzia kazini,
na bado hunishinda: wiki ya nne nikamdaka,
"Na mwenzako, ilikuwaje akaanguka?"
Akaangalia saa. Akakumbuka ana mgeni.

Jumanne mbili kiti kilikaa peke yake.
Nilikaa nacho, saa kumi na nusu hadi kumi na moja na nusu,
simu nimeilaza kifudifudi,
chini Mwinchande akihesabu vidonge kwa sauti.
Nilituma ujumbe mmoja tu: Saa yako bado ni yako.

Aliporudi nilianza mimi.
"Nilikuharakisha. Niwie radhi."
Akacheka, mara ya kwanza.
"Sijawahi kuombwa radhi na mtu mwenye cheti."

Ilikuwa Aprili, Msimbazi umevunja kingo.
Umeme ukakatika. Feni ikazunguka kidogo kwa mazoea, ikakoma.
Gizani akasema:
"Mimi nilikuwa chini.
Mimi ndiye niliyepiga simu, wakasema laini imezimwa.
Nikamwambia, panda."

Kisha, baada ya muda mrefu:
"Nyumbani hilo neno silisemi.
Mwanangu ana miaka minne. Kila usiku namwambia
ingia kitandani. Sogea kitandani. Nenda kitandani."

Pole ilinifika mdomoni, nikaimeza.
Pole alizipata msibani, pamoja na maji ya chupa.
Nikasema, "Nimelisikia,"
nikaliacha neno lake likae kati yetu,
sikulipangusa, sikulifunika.

Umeme uliporudi watoto wa uani walishangilia.
Uso wake ulikuwa umelowa.
Niliutazama ufa mpaka alipomaliza kujifuta.

Hakuna aliyepona siku ile.
Zilifuata Jumanne za hasira, za usingizi,
moja ya kubishana mpira tangu mwanzo hadi mwisho,
moja aliyoondoka bila kuaga.
Kinachowekwa kwako si chako:
hukihesabu mbele za watu, hukitengenezi,
mwenyewe akikitaka unampa,
hata kama mikono yake bado inatetemeka.

Juzi ameingia na karanga kwenye karatasi,
akaziweka mezani, upande wangu kidogo, upande wake kidogo.
"Jana nimelisema."
"Kwa nani?"
"Mtoto. Nimemwambia, panda kitandani."
"Akafanyaje?"
"Akapanda."
Akamenya karanga moja, hakuila.
"Nikaenda jikoni nikafungua bomba, ili wasinisikie."

Nikangoja.
Tulikuwa bado na dakika arobaini.