Kidole cha Glavu

Walinijia Jumanne, katika mvua ile ya Merthyr
isiyonyesha wala isiyokoma,
nami nimeshika sufuria ya viazi.
Mmoja alikuwa kijana, kafanana na mwana wa muuza nyama.
Aliniomba radhi kwa matope ya viatu vyake
kabla ya kuniambia nimeiba.

Pete ya yakuti ya Bibi Beynon.

Majira matatu ya baridi nilimwogesha yule mama,
nikamkata kucha, nikamnywesha supu ya vitunguu,
nikajua panapomuuma kabla hajasema.
Binti yake Lowri, anayekuja kutoka Bristol mara mbili kwa mwaka,
alikitazama kidole kitupu cha mama yake,
kisha akanitazama mimi.
Hesabu yote ilikuwa hiyo.

Siku hizi hakuna wino.
Unalaza kiganja juu ya kioo, mwanga wa kijani unapita chini yake
kama unavyopita chini ya kopo la maharage dukani.
Wakachukua kamba za viatu vyangu.
Nina miaka hamsini na tisa,
nikaburuta miguu ukumbini kama bata.

Pete ilionekana siku ya kumi na tisa,
ndani ya glavu ya bustani, msumarini, bandani.
Bibi alivua glavu, pete ikabaki humo.
Kumbe haikupotea hata siku moja:
ilikuwa kidoleni muda wote,
kidole cha glavu.

Lowri alileta kadi yenye picha ya maua.
Ndani aliandika habari za baridi.

Polisi wakaleta barua: Hakuna hatua zaidi itakayochukuliwa.
Niliisoma mezani, nikaisoma chooni,
nikitafuta mahali inaposema sikuiba.
Hatua zaidi!
Kama kwamba zile za kwanza zilikuwa matembezi.

Ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga; ndivyo wasemavyo.
Wa kwangu haukujitenga. Ulipewa namba,
ukatiwa kwenye faili, ukalazwa pakavu
huko Bridgend, mvua isikofika.

Mwezi wa tisa shule moja ya Dowlais ilitaka mpishi.
Cheti changu cha mwenendo kikarudi,
na chini kabisa, peke yake, mstari:
Alikamatwa kwa tuhuma ya kumwibia mtu asiyejiweza.
Nimeugeuza mstari ule kama sonara ageuzavyo mkufu wa mgeni.
Kukamatwa, nilikamatwa.
Tuhuma, ilikuwepo.
Asiyejiweza, naam, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwezesha.
Kila neno ni kweli
na jumla yake ni uongo.

Mwalimu mkuu, Bwana Gethin Pugh, alikuwa mpole,
upole wa mtu anayerudi kinyumenyume huku akitabasamu.
Sikumlaumu. Halafu, njiani, nikamlaumu,
kuanzia kituo cha basi hadi mlangoni kwangu.

Nimeomba waufute. Fomu ni kurasa tisa.
Swali la sita: Eleza kwa nini rekodi hii si ya haki.
Wameacha mistari miwili.
Nimeambiwa nisubiri, labda miezi minane,
labda zaidi, labda hapana.

Na kuna jambo ambalo fomu haiulizi.
Nikitoka nyumbani mwa mtu, nageuza mifuko ya koti nje
kabla sijaulizwa. Mikono inafanya yenyewe.
Jana nilikuwa kwa dada yangu Menna. Baada ya chai nikasimama:
funguo, leso, tikiti ya basi, peremende mbili,
vyote juu ya kitambaa cha meza,
tena nimevipanga.

Menna alivitazama kwa muda.
Akachukua peremende moja, akaivua karatasi,
akaitia mdomoni.
"Hii nimekuibia," akasema. "Piga simu."