Kiatu cha Blesi

Kiatu cha chuma kinaning'inia juu ya mashine ya kumenyea kahawa.
Misumari mitatu imebaki, mmoja umepinda.
Mama aliwahi kukipeleka kwa mnunuzi wa chuma chakavu,
akatajiwa bei ya kilo,
akakirudisha kwenye kanga bila neno.

Kilikuwa cha Blesi, mwenye baka jeupe usoni.
Blesi alikuwa wa Koplo Lurensi, na Koplo
alikuwa wa kikosi cha hiari: wakulima wa kusini
waliokuja na farasi wao, matandiko yao,
hata brashi zao za manyoya.
Waliingia Moshi mwezi wa Machi, stesheni bado inafuka,
Wajerumani wameshateremka Kahe.

Ndewirwa alikuwa na miaka kumi na minne.
Mangi alidaiwa vijana arobaini wa kukata majani.
Mjumbe akapita Kidia nyumba kwa nyumba, akinyoosha kidole.
Hiyo haikuwa hiari. Ilikuwa kidole.

Usiku Koplo alizungumza na farasi
kwa sauti ambayo hakuwapa watu.
Mkalimani akanong'ona: mwaka juzi, kwao,
walipigana wenyewe kwa wenyewe,
na huyu alimfukuza kaka yake hadi mtoni
juu ya Blesi huyu huyu.
"Alimpata?" babu akauliza.
"Kata majani," mkalimani akasema.

Aprili, mvua. Arusha wakaipita kwenye tope la magotini.
Baada ya Lolkisale, mbung'o,
na mbung'o hamuulizi mtu kama alijitolea.
Yalianza macho, machozi ya asiyelia;
zikafuata mbavu, unazihesabu kama vibao vya kitanda;
kisha magoti.
Njia ilinuka mpaka fisi wakashiba wakaacha.
Koplo alitembea siku mbili, tandiko begani,
akaja kulilaza kwenye tope, taratibu,
kama anayelaza mtoto.

Babu alirudi Juni, kiatu kimoja ndani ya shuka.
Alikitoaje, hakusema. Alikuwa na mundu tu.

Uzeeni alisahau majina yetu;
mimi aliniita kwa jina la dada yake.
Lakini kila alfajiri alikata mafungu mawili ya majani.
Moja la ng'ombe.
La pili aliliweka kwenye mgomba wa mwisho, karibu na mfereji,
akapiga mluzi,
akasubiri.
Akisharudi ndani, tulilihamishia kwa ng'ombe
haraka, tukiwa tumevua ndala.